Mbona tambi zalia? Mikahawa ya sosi nyekundu New York, kuanzia niipendayo

Shangazi yangu alikuja New York kutoka Mombasa mwezi wa Aprili, na mimi kwa kujitia mwenyeji nikampeleka Mulberry Street, ule mtaa wa Waitaliano kule Manhattan. Mlangoni tukadakwa na kijana wa kuita wateja, menyu mkononi, maneno matamu kama manamba wa matatu anayetafuta abiria wa mwisho. Tukaingia. Tukaletewa spageti zimelala kama kiota, sosi imemwagiwa juu, kababu mbili kubwa kileleni. Shangazi akala matonge matatu, akainua tambi kwa uma, akachungulia chini. Palikuwa na maji. Maji mekundu-mekundu, kama ya kuoshea nyama.

"Mwanangu," akaniuliza, "mbona tambi zalia?"

Dola 74 zikaenda, na tangu siku hiyo sina kipimo kingine. Wanaoipanga kwa ubora mikahawa hii ya sosi nyekundu, yaani ya Waitaliano wa Marekani na sosi yao ya nyanya, hutazama vitambaa vya miraba mezani na picha ya mwimbaji Frank Sinatra ukutani. Mimi natazama chini ya tambi.

Kinachotokea ni hiki. Tambi zikichujwa haraka na kupakuliwa hapo hapo, maji yaliyozishika huteremka sahanini, na sosi inabaki juu kama mgeni asiyekaribishwa. Mpishi anayejua huzitoa sufuriani kabla hazijaiva sawasawa, akazimalizia ndani ya sosi kwenye kikaango pamoja na upawa mdogo wa yale maji ya kuchemshia. Wanga uliomo ndio unaoigandisha sosi kwenye tambi. Ni dakika moja, mbili. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili: ndiyo tofauti ya pilau na wali kwa mchuzi. Wali kwa mchuzi naula na kuufurahia. Ila usiniuzie kwa bei ya pilau.

Msomaji aliyezoea Waitaliano wa Malindi asishangae. Hiki ni chakula cha wahamiaji. Kati ya 1880 na 1924 walikuja Marekani Waitaliano zaidi ya milioni 4, wengi kutoka kusini: Napoli, Calabria, Sisilia. Nyama iliyokuwa ya sikukuu kwao, huku ikawa ya kila wiki, kababu zikanenepa zikapandishwa juu ya spageti, na biringani za parmigiana, zile za kuokwa kwa nyanya na jibini, zikampisha kuku. Kwa hiyo tegemea nyanya nyingi, kitunguu saumu kingi, jibini isiyo na haya, na sahani ya kumshinda mtu mmoja.

Wa kwanza kwangu ni Bamonte's, Withers Street, Williamsburg kule Brooklyn, na sijifichi: napendelea. Upo tangu 1900, mikononi mwa familia ile ile. Wahudumu wamevaa tai za kipepeo na hawana haraka ya kukuondoa. Lakini kilichoninunua mimi ni jiko: linaonekana kupitia kioo. Unakaa mezani unamwona mpishi na vikaango vyake. Mkahawa ulioficha jiko sisemi una makosa, ila aliyekuwekea kioo ameshakujibu swali kabla hujauliza. Nilimpeleka shangazi pale siku mbili kabla ya safari yake. Akainua tambi, akachungulia, akazishusha, kisha akaitisha mkate akafuta sahani mpaka ikang'aa.

Wa pili si mkahawa, ni mtaa: Arthur Avenue, Bronx. Hapa ndipo ningempeleka anayekuja mara moja tu, badala ya Mulberry Street, ambako Waitaliano wenyewe wamebaki wachache kuliko watalii. Mario's upo tangu 1919. Dominick's hakuna menyu ya karatasi. Mnakaa meza ndefu na watu msiojuana, na mhudumu anakutajia vilivyopo. Raha tupu, ila mdomo usione haya: uliza bei ya kila kitu kabla ya kuitikia. Usiondoke bila kuingia soko la ndani, lililofunguliwa 1940 enzi za meya La Guardia ili wachuuzi wa mikokoteni watolewe barabarani. (Wenzetu wa Kongowea na Kariakoo watajua hadithi hiyo inavyokwenda.) Nyanya za kopo na jibini ya kukwangua nazinunua humo.

Wa tatu ni Don Peppe, kule Queens karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Aqueduct. Menyu iko ukutani, sahani ni za familia nzima, na noti za mkononi ndizo zinazokwenda, kwa hiyo usitegemee kadi. Nendeni wanne. Mkienda wawili mtabeba mabaki kama mnaotoka harusini.

Carbone, uliofunguliwa 2013 Thompson Street pale palipokuwa na mkahawa wa zamani wa Rocco, ni sosi nyekundu iliyovalishwa suti. Rigatoni yao, tambi nene za mirija, ya sosi ya vodka yenye pilipili ina sifa mji mzima. Mwende mkiwa na mtu wa kulipa. Na Rao's wa East Harlem, wa 1896, nauweka mwisho kwa sababu ni kama kupanga mwezi: una meza kama 10, na meza hizo zina wenyewe, wateja wa miaka na miaka. Sosi yao ya chupa ipo madukani kote, na tangu 2024 ni mali ya kampuni ya Campbell. Hiyo utaipata.

Vya bei rahisi? Maduka ya piza huuza tambi za trei. Zina maji.

Jambo moja kwa tusiokula nguruwe: kababu hizi mara nyingi huchanganywa ng'ombe, ndama na nguruwe, na sosi ya nyama waiitayo ya Jumapili huchemshwa na soseji na mbavu za nguruwe. Usiseme tu "sili nguruwe", uliza sosi imepikwa na nini. Marinara, sosi ya nyanya na kitunguu saumu, kwa kawaida haina nyama. Sosi ya vodka jina limejitangaza lenyewe: ina pombe.

Sasa bili, maana hapa ndipo damu inanichemka. Bei ya menyu New York si bei. Juu yake kuna kodi ya asilimia 8.875, na juu ya kodi kuna bakshishi, na mashine siku hizi inakupendekezea asilimia 18, 20 au 22 huku mhudumu amesimama begani kwako, tena mara nyingi imeshaipiga hesabu juu ya kodi. Ile siku ya Mulberry Street shangazi alivaa miwani, akaisoma karatasi ile mstari kwa mstari kama hati ya shamba, kidole kikatembea mpaka chini. Akaniuliza kama na yale maji nayo yametozwa kodi.