Krepu Nyeusi Huchuja: Mwongozo wa Kununua Mavazi ya Wajane wa Uingereza ya Karne ya 19

Mwaka jana nilinunua mnadani utaji wa mjane wa zama za Malkia Victoria, nikafanya kosa la kuuvaa katika maonyesho ya mavazi ya kale, na manyunyu ya dakika kumi yakatosha kuniumbua: nilipouvua, paji la uso na shingo vilikuwa vyeusi kama chungu cha kuni. Muuzaji alikuwa ameeleza urefu na hata hali ya pindo, lakini hakugusia kabisa kama rangi inachuja.

Kwa hiyo sitazungumzia vipimo wala matundu ya nondo, ambavyo kila mnunuzi huviona mwenyewe. Krepu ya msiba ni hariri nyepesi iliyofumwa ikiwa bado na gundi yake ya asili, kisha ikapitishwa kwenye rola za moto hadi ikajikunyata na kupoteza mng'ao, kwa kuwa mjane hakutakiwa kung'aa. Maji huyalegeza makunyanzi hayo, tone la mvua huacha doa, na rangi hufuata jasho. Wanawake wa wakati huo waliijua adha hiyo vizuri. Baadhi yao walijisugua ngozi kwa asidi ya oksali, ambayo ni sumu, ili kuuondoa weusi. Kumbukeni pia kwamba mjane alitarajiwa kuvaa krepu nzito kwa mwaka mmoja na siku moja, na kwamba maombolezo yote yangeweza kufika miaka miwili na nusu. Sisi tuliozoea eda ya miezi minne na siku kumi tunaweza kukisia ni mvua ngapi za Uingereza zilizomnyeshea.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji abonyeze kitambaa cheupe cha pamba chenye unyevu kidogo kwenye mshono wa ndani, kisha akutumie picha. Akikataa, achana naye.

Nafasi ya kwanza naipa krepu ya Courtauld, kampuni ya Essex, na sioni haya kuipendelea, kwani mwishoni mwa karne iliitangaza krepu yake kuwa haidhuriwi na maji. Ukipata kipande ambacho bado kina karatasi ya kiwanda, kinunue, ingawa hata hicho ukipime kwa kitambaa cheupe. Ni adimu, kwa sababu wengi waliamini kwamba kuweka krepu nyumbani baada ya msiba huleta nuksi, wakaitupa, na msiba mwingine ulipotokea wakarudi dukani. Jay's, duka la mavazi ya msiba lililofunguliwa Regent Street, London, mwaka 1841, lilikuwa tayari kuwatuma washonaji kwa treni hadi nyumbani kwa mfiwa, na mtu aliyefiwa jana hana nguvu ya kubishana bei.

Ya pili ni gauni la bombazini, kitambaa chenye mtande wa hariri na mshindio wa sufu, ambalo krepu iliyoshonewa juu yake imekwisha kufumuliwa. Tazama sketi kwa makini: huenda ukaona mistari ya matundu ya sindano pale krepu iliposhonwa, na huo ni ushahidi bora kuliko hadithi yoyote ya muuzaji.

Ya tatu ni mavazi ya hatua ya mwisho ya maombolezo, ya kijivu au zambarau iliyofifia, mazuri sana lakini yasiyovumilia jua. Krepu ya bei nafuu iliyochanganywa pamba iliitwa krepu ya Albert. Sina la kusema zaidi juu yake.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaoliita kila vazi jeusi vazi la ujane, ilhali katika miaka ya 1880 na 1890 nyeusi ilikuwa pia rangi ya mtoko, na satini inayometameta kwa shanga za kioo haikuvaliwa na mjane wa mwaka wa kwanza. Neno "mjane" likiandikwa tu kwenye kibandiko, bei hupaa. Mwezi uliopita nilimwomba mmoja wao afanye jaribio la kitambaa cheupe kwa gauni la namna hiyo; alinijibu kwamba vazi ni dhaifu mno kuguswa, ilhali katika picha yake mwenyewe alikuwa amelivalisha sanamu pana kuliko gauni, vifungo vikikaribia kung'oka.