Kamera kwa Bajeti Ndogo Nairobi: Ipi Uchukue, Ipi Uiache

Ukiwa na shilingi 30,000 hadi 50,000 za kununua kamera ya harusi, ruracio (sherehe ya mahari) au video za YouTube, usianze kwa kuuliza megapikseli. Uliza kama ina tundu la maiki, na kama zitabaki pesa za lenzi ya pili. Lenzi ndogo ya 18-55 inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi). Lenzi ya 50mm f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi ya hiyo. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo au ukumbi wa jioni, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama sura zitatoka safi au zitajaa chembechembe. Kwa hiyo tenga angalau robo ya pesa zako kwa lenzi, betri ya akiba na memori kadi kabla hujaingia dukani. Na kwa bajeti hii, nunua iliyotumika.

Ya kwanza: Canon 700D

Ilitoka mwaka 2013, ina megapikseli 18, na bado ndiyo tunayoipa nafasi ya juu. Skrini yake inageuka na kuguswa, ina tundu la maiki, na ikivalishwa lenzi yenye herufi STM hufuata mtu kwenye video bila kelele nyingi. Japani iliuzwa kwa jina Kiss X7i, na Marekani Rebel T5i. Ni kamera ileile, kwa hiyo usikubali kuongezwa bei kwa sababu ya jina. Kwenye lenzi tafuta pia herufi IS, maana zipo 18-55 zisizo na kituliza mtikisiko na wauzaji huzichanganya. Lenzi ya kuongezea ni 50mm f/1.8 STM, ila kwenye sensa hii (kipande cha ndani kinachopokea picha) huona kama ya 80mm, yaani huvuta karibu zaidi. Sebuleni utalazimika kurudi nyuma hadi ukutani.

Ukibanwa na pesa, 600D ina skrini inayogeuka na tundu la maiki, lakini video hukatika faili ikifika GB 4, yaani kama dakika 12. Ukirekodi hotuba ndefu utaipoteza katikati usipokuwa makini.

Ya pili: Nikon D3300

Kama kazi yako ni picha zaidi ya video, ipandishe hadi namba moja. Ina megapikseli 24, tundu la maiki, na betri iliyopimwa kwa picha 700. Tatizo liko kwenye lenzi: bodi (kamera yenyewe bila lenzi) haina mota ya kufokasi, kwa hiyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D utazifokasi kwa mkono. Nunua AF-S, ya 35mm f/1.8G DX inatosha sebule, studio na ukumbi. Lenzi za AF-P huhitaji programu ya bodi isasishwe kwanza. Uangalifu mwingine: D3400 iliyoifuata haina tundu la maiki wala kisafisha sensa. Ni mpya zaidi, lakini kwa mtu wa video ni hatua ya kurudi nyuma.

Ya tatu: Sony a6000

Inafokasi haraka kuliko hizo mbili na inaingia kwenye mkoba mdogo. Lakini haina tundu la maiki, betri huisha mapema (nunua tatu), na lenzi zake hugharimu zaidi. Washa kabla ya kulipa: Sony zilizouzwa Japani huwa na menyu ya Kijapani pekee, na huwezi kuibadilisha kwenye mipangilio.

Za mwisho: Canon mpya za bei ya chini

2000D na 4000D huja na boksi na warantii, na hilo huvutia. Lakini hazina pini ya katikati pale flashi inapopachikwa, kwa hiyo flashi nyingi za bei nafuu hazitawaka. 4000D hata pete inayoshika lenzi ni ya plastiki. Kwa anayetarajia kulipwa kazi ya harusi, hizi si za kuchukua.

Na zile kamera ndogo zisizo na jina, zimeandikwa “4K 48MP” kwa maandishi makubwa, ziache kabisa. Sensa ni ndogo kama ya simu ya bei rahisi, na megapikseli hizo hutengenezwa kwa kutanua picha.

Kupima kabla ya kulipa

Iwe ni Luthuli, Moi Avenue au mtu mliyekutana mtandaoni, nenda mchana, na memori kadi yako. Weka f/22 na ISO (hisia kwa mwanga) 100, piga karatasi nyeupe ikiwa nje ya fokasi, kisha kuza picha. Madoa meusi ni vumbi kwenye sensa. Vumbi husafishwa, mkwaruzo hausafishiki. Piga tena kwa kasi ya 1/4000 ya sekunde mahali penye mwanga: mstari mweusi upande mmoja maana yake shata (kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga) inakufa. Halafu funika lenzi na upige sekunde 10. Vinukta vya rangi ni pikseli zilizoharibika.

Lenzi imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, inayopenda lenzi zilizokaa kwenye unyevu, kama kule Pwani. Kuvu hula utando uliopakwa juu ya kioo, na hata fundi akiisafisha mara nyingi alama hubaki. Iache.

Idadi ya picha zilizopigwa kwenye Nikon husomeka ndani ya faili ya JPEG. Shata ya D3300 ilipimwa kwa mara 100,000. Kwa Canon hizi utahitaji waya na programu ya kompyuta. Betri iliyovimba au inayobana kutoka, kataa.

Maiki ya simu yenye mistari mitatu kwenye pini haifanyi kazi vizuri kwenye kamera. Chukua ya mistari miwili. Rekodi dakika tano, kisha usikilize palepale.

Dai risiti yenye namba ya kamera iliyo chini ya bodi. Kununua mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kwa hiyo bei ya kutupa bila risiti iogope. Tuma M-Pesa baada ya kupima, si kabla.

Memori kadi chukua ya GB 32. Kwenye 700D hubeba kama saa moja na nusu ya video. Bandia ni nyingi: huonyesha GB 64 ilhali ndani zimo 8, na kinachozidi hupotea kimyakimya. Ukifika nyumbani ijaze faili hadi mwisho, kisha fungua zile za mwisho. Zikikataa kufunguka, irudishe siku hiyohiyo.