Daktari aliyenikataza kununua mbwa

Nawaandikia wazazi wenzangu ambao watoto wanawalilia mbwa kila jioni. Wangu ni wawili, mkubwa ana miaka 6, mdogo mwaka na nusu. Mwaka jana nikashindwa kukataa, nikanunua mtoto wa mbwa kwa jamaa anauza kando ya barabara, akaniapia ana miezi miwili na ashachanjwa, karatasi hakuna. Siku ya nne hali chakula, anatapika, ahara damu, na ile harufu ukishaisikia huisahau.

Ndo nikaelekezwa kliniki moja ya wanyama huku Bamburi, Mombasa, na ndo hiyo naisifu. Daktari akamfungua mdomo, akamuita mwanangu karibu akamwonyesha kwa ncha ya kalamu, "waona haya meno ya nyuma? Ndo kwanza yachomoza, huyu hata wiki 6 hajafika, alikua bado wa kunyonya." Akasema ni parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia matumbo ya mbwa. Akamtilia dripu siku mbili, hakupona. Kilichonigusa sana, alikaa chini na mtoto akamwambia amekufa, hakumdanganya ati amelala.

Wiki iliyofuata nikarudi anitafutie mwingine haraka watoto wapoe. Akanambia, "Mamangu, usilete mbwa sasa." Kumbe hiko kirusi chaweza kukaa uani hata mwaka mzima, sakafu waosha na jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, lakini mchanga utauosha vipi? Kwa hivo atakaeingia awe ashamaliza chanjo, na zenyewe zaanza wiki ya 6 hadi 8, zarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, ya kichaa cha mbwa yaanza akiwa na miezi 3. Na kumtoa kwa mamake kabla ya wiki 8 ni kumuonea tu, manake kwa mamake na nduguze ndo ajifunza kuuma polepole.

Halafu akaniuliza, saa nne asubuhi nani atamuangalia? Mume wangu yuko shifti bandarini, mimi kazini, nyumbani ni dada wa kazi na huyu mdogo anaeokota kila kitu atia mdomoni. Hapo nikanyamaza. Watoto wa mbwa karibu wote wana minyoo, waitoa kwa mama zao, dawa wapewa kila wiki 2 mpaka wafike miezi 3, na mayai yake yakiwa mchangani mtoto akila mchanga ashayameza. Tena mpaka karibu miezi 6 meno yabadilika, kijibwa chatafuna miguu, nepi, kila kitu, na mtoto wa mwaka na nusu akishika mkia haachii. Akasema dada hawezi kulea wawili wa namna hiyo kwa pamoja, ngoja mdogo afike miaka mitatu minne aelewe "wacha", au ukishindwa kungoja chukua mbwa mkubwa kiumri, mpole, aliezoea watoto. Na kwa vile ploti yetu wengi ni Waislamu na mate ya mbwa kwao ni najisi, akasema niongee na majirani kwanza, na kibanda kikae mbali na njia ya kwenda msikitini. Mimi hilo sikua nimelifikiria kabisa.

Kisha akamtoa mbwa wake mwenyewe, jike mzee, akamfunza mwanangu usimuendee akila wala akilala, ngoja akujie yeye, msugue kifuani si kichwani. Na mbwa yeyote akikuuma hata kidogo, kidonda chini ya maji ya bomba na sabuni dakika 15 kisha hospitali siku hiyo hiyo, manake kichaa kikishaonyesha dalili hakuna kupona. Mwanangu aliimba "sabuni dakika kumi na tano" ndani ya matatu mpaka nyumbani.

Mapungufu yapo. Benchi la kungojea liko juani, wakaa na mbuzi na paka hapo hapo, na simu hawashiki. Siku ya kwanza kumuona daktari nililipa Sh1,000 mbali na dripu, hiyo siku ya mazungumzo alikaa nasi karibu saa nzima na hakunitoza hata shilingi. Nendeni asubuhi mapema kabla ya foleni ya mbuzi, na mwende na watoto.