Rais au Mfalme? Dominica na Saint Lucia

Visiwa hivi viwili vya Karibi vilipata uhuru kwa kufuatana: Dominica Novemba 1978, Saint Lucia Februari 1979. Dominica ilichagua jamhuri. Saint Lucia ikabaki na mfalme wa Uingereza, anayewakilishwa na gavana mkuu.

Kwa utendaji, tofauti ni ndogo: kote waziri mkuu ndiye mwenye nguvu. Kwa heshima, Dominica inashinda. Mwaka 2023 Bunge lilimchagua Sylvanie Burton kuwa rais, mwanamke wa kwanza na Mkalinago wa kwanza, mzawa wa watu waliokuwepo kabla ya Columbus. Kiti cha mfalme hakifikiwi hivyo.

Bendera? Hapo naipenda ya Saint Lucia: samawati, na pembetatu zinazosimama kama milima ya Piton. Mtoto anaichora kwa rula. Ya Dominica ina kasuku sisserou katikati ya nyota kumi, na kila unyoya unadai mkono mtulivu.

Kama nchi yako inataka kumwona mwenzao kileleni, ifuate Dominica. Kama inaogopa gharama ya kubadili katiba, njia ya Saint Lucia bado inapitika.