Uzoefu wangu na Gunfighter Ballads and Trail Songs ya Marty Robbins

Tangu Januari nimekuwa nikiisikiliza albamu hii karibu kila Jumapili, na mara nyingi baba yupo kando yangu. Baba alichunga ng'ombe wa watu kwa mshahara huko Laikipia kabla sijazaliwa. Muziki wa kantri si mgeni kwetu, maana tumekua na Jim Reeves na Kenny Rogers kama nyumba nyingi za Kenya. Ila wale waliimba mapenzi zaidi. Kauboi mwenyewe, mwenye kamba, farasi na vumbi kooni, nilikuwa sijawahi kumsikia akisimuliwa hivi.

Robbins, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alizaliwa Arizona mwaka 1925 na alikua akisikia hadithi za nyika kutoka kwa babu yake. Mwaka 1959 aliingia studio Nashville na kurekodi nyimbo zote 12 kwa siku moja. Hakuna mapambo mengi: magita, waitikiaji, na sauti yake inayotamka kila neno wazi, hata nikaweza kumtafsiria baba papo hapo bila kusimamisha wimbo.

Wengi huijia kwa wimbo wa Big Iron, hasa vijana waliousikia kwenye mchezo wa kompyuta wa Fallout: New Vegas. Askari anaingia mji wa Agua Fria kumfuata Texas Red, kijana wa miaka 24 aliyekwisha kuua watu 20. Ni wimbo mtamu, sibishi. El Paso nao umepita dakika nne, urefu ambao redio za enzi zile hazikuuzoea, lakini hakuna ubeti wa kutupa: mtu anaua kwa wivu, anatoroka, kisha mapenzi yanamrudisha kwenye kifo chake. Gita la Grady Martin linatembea kando ya sauti kama mtu wa pili anayesimulia.

Hata hivyo, kwangu utajiri wa albamu hii uko kwenye nyimbo za kazi kuliko za bastola. Cool Water, utungo wa Bob Nolan, ni mtu na mnyama wake Dan wakivuka jangwa bila maji, huku mtu akimsihi Dan asidanganywe na mazigazi. Baba aliinamisha kichwa wimbo mzima. The Strawberry Roan ni mpanda farasi anayeahidiwa dola 10 amtulize farasi mkaidi, naye anaishia kurushwa chini. A Hundred and Sixty Acres ulinifanya nimweleze baba ekari hizo 160 zinatoka wapi: ni kipimo cha sheria ya Marekani ya mwaka 1862, iliyowagawia walowezi mashamba kwenye ardhi waliyonyang'anywa wenyeji wa asili. Wimbo wenyewe hausemi lolote kuhusu hao wenyeji. Mtu wa Laikipia, ambako nako walowezi walichukua ardhi ya Wamaasai, hawezi kuusikiliza bila kuwafikiria.

In the Valley ningeuruka, haunipi kisa wala picha. Running Gun pia unarudia njia ambayo El Paso imeshaipita vizuri zaidi. Kwa hayo naipa nyota 4 kati ya 5, na ningeilipia tena leo.

Wimbo wa 12, Utah Carol, ndio nitakaoukumbuka. Kundi la ng'ombe linatimua mbio kumwelekea mtoto wa tajiri, mwenye blanketi jekundu. Utah, mchunga ng'ombe, analichukua blanketi na kulipunga ili ng'ombe wamfuate yeye. Wanamkanyaga hadi kufa, na anazikwa na blanketi lilo hilo.

Baba alikataa sehemu moja. Alisema ng'ombe hajali wekundu, anashtushwa na kitu kinachopepea. Kisha akanyamaza kidogo, akasema lakini mtu kujitupa mbele ya kundi ili ligeuke, hilo ni kweli, maana aliliona kwa macho yake. Ndipo aliponitajia mchungaji mwenzake wa zamani, jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu, akanieleza usiku ule ng'ombe waliposikia simba na huyo mwenzake akakimbilia upande wa korongo na tochi mkononi. Chai ilitupolea mezani. Wimbo ulikuwa umekwisha zamani.