Grand Designs kwa jicho la mwenye boma lisiloezekwa: uzoefu wangu

Nilianza kutazama Grand Designs mwaka 2015, miezi michache baada ya kuhamia Leicester kumfuata mume wangu, na wakati huo nilikuwa na boma la vyumba vitatu Kibaha ambalo lilikuwa limefika kwenye linta na kusimama hapo likisubiri fedha za kupaua. Nalitaja boma hilo mapema kwa sababu maoni yangu yote kuhusu kipindi hiki yanatoka pale. Mtu ambaye hajawahi kuuziwa lori la mchanga ambalo nusu yake ni udongo atakitazama kama burudani ya Jumatano saa tatu usiku. Mimi nilikitazama kama anayesoma barua ya jirani mwenye shida zile zile.

Kwa wasiokifahamu, ni kipindi cha Channel 4 ya Uingereza kilichoanza mwaka 1999, na tangu siku ya kwanza mtangazaji wake amekuwa Kevin McCloud. Mtu mmoja, au mara nyingi mke na mume, wanaamua kujenga nyumba isiyo ya kawaida, na Kevin anafika saiti kabla msingi haujachimbwa, anauliza bajeti ni kiasi gani, kazi itachukua muda gani na msimamizi ni nani. Nyumba inaonyeshwa kwa michoro ya kompyuta ikiwa imekamilika, nyeupe na safi, kisha tunarudishwa kwenye tope. Kamera zinakwenda na kurudi mpaka kazi iishe, hata ikichukua miaka mitano, na mwishoni mwenye nyumba anamtembeza mgeni wake chumba kwa chumba. Wanaoishi Uingereza wanaweza kukitazama bila malipo kupitia programu ya Channel 4, mradi wavumilie matangazo.

Kilichonifanya nibaki ni namna kinavyouheshimu muda. Kabla ya hapo nilikuwa shabiki wa Extreme Makeover: Home Edition, kile cha ABC ya Marekani kilichoanza mwaka 2003 chini ya Ty Pennington, ambapo familia yenye shida hupelekwa mapumziko na kurudi baada ya siku saba kukuta jumba jipya lililofichwa nyuma ya basi. Nilikuwa nikilia kila mara, sikatai. Lakini baada ya kuanza kujenga mwenyewe machozi yalikauka, kwa kuwa siku saba ndizo ambazo fundi wangu alitaka jamvi la zege la sakafu limwagiliwe maji asubuhi na jioni kabla hajakubali kupandisha hata kozi moja ya tofali. Wale walikuwa na mamia ya watu wakifanya kazi usiku na mchana kwa kujitolea, vifaa vikitolewa bure, na baadaye ziliandikwa habari za familia zilizoelemewa na bili na kodi za nyumba kubwa kuliko kipato chao. Si ujenzi ninaoujua mimi.

Katika Grand Designs mvua inanyesha hasa. Madirisha yaliyoagizwa Ujerumani yanachelewa, familia inahamia kwenye karavani pembeni ya saiti, mke anapata ujauzito, msimu wa baridi unaingia na paa halijakamilika. Mambo haya yanajirudia kiasi kwamba watazamaji wameyafanya mchezo; kazini kwangu asubuhi ya Alhamisi wenzangu huulizana kama karavani ilionekana, kama mtoto amezaliwa na kama kuna mtu aliyetenga fedha za dharura. Swali la msimamizi ndilo linalonichekesha na kuniumiza kwa pamoja. Kevin anauliza nani atasimamia ujenzi, mwenye nyumba anajibu kwa tabasamu kwamba ni yeye mwenyewe ingawa hajawahi kusimamia hata banda la kuku, na mume wangu hapo hapo hushusha pumzi ndefu na kunigeukia.

Ana sababu. Mimi nilisimamia kwa simu, kupitia ndugu mmoja ambaye nilimtumia fedha na ambaye sitamtaja. Jioni moja fundi alinitumia video ya nondo za nguzo kabla ya kumwaga zege, nikaisimamisha na kuikuza mpaka picha ikaanza kuchakaa, kwa sababu zilionekana nyembamba. Risiti niliyokuwa nayo ilisema milimita 12. Nilipompigia alinijibu kwa upole kabisa: "Mama Neema, mimi nafunga ninacholetewa. Hizi ni za kumi." Nilisimamisha kazi kwa miezi minne. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba kipindi hiki kinatia chumvi matatizo ili kupata watazamaji, simwamini. Kama kuna kosa, ni kwamba matatizo yake ni ya kistaarabu mno, na hakuna anayeibiwa nondo.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ni ile ya mwaka 2019 kuhusu nyumba yenye umbo la mnara wa taa juu ya jabali la pwani ya Devon Kaskazini, ambayo watazamaji wengi waliiita ya kusikitisha kuliko zote zilizowahi kuonyeshwa. Mwenyewe alipanga kumaliza kwa miezi 18. Miaka ikapita, madeni yakafika mamilioni ya pauni, ndoa ikavunjika, naye akajilaumu mbele ya kamera bila kutafuta wa kumsingizia. Kipindi kilipofika mwisho kilituachia gofu la zege na chuma lililo wazi kwa upepo wa Atlantiki, huku bahari ikipiga chini yake. Hakukuwa na ziara ya chumba kwa chumba, kwa kuwa vyumba havikuwepo. Tulisubiri mpaka mwaka 2022 kuliona jengo hilo likiwa limekamilika.

Siku iliyofuata wenzangu walilizungumzia gofu lile kama watu waliotoka msibani, nami nilitambua kwamba sikuwa nimeona walichokiona wao. Mimi niliona boma. Ukipita barabara ya Morogoro kutoka Dar es Salaam utayaona kwa makumi, mengine yameota nyasi sebuleni, mengine yana mpapai uliokwisha kuzaa ndani ya kilichokusudiwa kuwa chumba cha kulala, na hakuna anayemwonea huruma mwenye nalo. Atalimalizia akipata. Tofauti, nilivyokuja kuielewa taratibu, iko kwenye fedha. Wengi wetu tunajenga kwa mshahara, kwa mchezo wa kina mama, kwa mazao, tofali kwa tofali, na boma likisimama halimdai mtu chochote ila uvumilivu. Mwingereza wa kwenye kipindi mara nyingi anajenga kwa mkopo unaotolewa kwa awamu, msingi ukikaguliwa ndipo fedha za kuta zitoke, na kila mwezi wa mvua riba inaendelea kuhesabiwa huku akilipa pia mahali anapoishi. Gofu la zege kwake ni deni lililosimama wima.

Hapa ndipo lawama yangu ya kwanza inapoanzia, kwa sababu hayo yote nililazimika kuyafumbua nje ya kipindi. Tunatajiwa bajeti mwanzoni na kiasi kilichozidi mwishoni, lakini njia ya fedha hizo hupitishwa haraka haraka: nyumba ya zamani iliuzwa, wazazi walisaidia, benki ilikubali. Kwa kipindi kinachotumia dakika nzima kutuonyesha kioo kimoja kikipandishwa kwa winchi, kupata sentensi tatu kuhusu masharti ya mkopo lisingekuwa jambo kubwa.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu mafundi. Katika sehemu nyingi utawajua mwenye nyumba, mke wake, mbwa wao na mchoraji wao wa ramani, lakini waliomwaga zege watapita kwa mbali wakiwa na kofia ngumu, na katika ziara ya mwisho hawapo kabisa. "Nimeijenga nyumba hii," anasema mtu ambaye tumemwona akishika brashi ya rangi mara moja. Nakiri kwamba hata sisi tunasema hivyo hivyo. Nami nasema ninajenga Kibaha, na sijawahi kushika mwiko. Lakini kamera ilikuwa pale, na inajua zaidi. Ndiyo maana naipenda sana sehemu ya mwaka 2004 ya Walton-on-Thames, ambapo nyumba ya kampuni ya Huf Haus, inayotengenezwa vipande kiwandani, ilifika kwa malori kutoka Ujerumani pamoja na mafundi wake. Fremu ya mbao na vioo ilisimama kwa siku chache tu, na kwa mara moja mtangazaji alisahau wenye nyumba, akabaki kuwashangaa mafundi wanavyofanya kazi bila kelele, kila mmoja akijua mahali pake.

Misimu ya mwanzo ilikuwa na watu wa namna nyingi zaidi. Katika msimu wa kwanza kabisa kulikuwa na ushirika wa Brighton ambao wanachama wake, watu wa kipato cha kawaida, walijengeana nyumba za mbao kwa mikono yao, jambo ambalo mtu wa Upareni angeliita msaragambo bila kufikiri mara mbili. Mwaka 2003 tukaonyeshwa Ben Law, mtu wa msituni huko West Sussex, aliyejenga kwa magogo ya chestnut aliyoyakata mwenyewe, kuta za marobota ya majani makavu na paa la vigae vya mbao alivyovipasua kwa mkono, kwa pauni zipatazo 28,000. Niliitazama sehemu hiyo miaka mingi baada ya kurushwa na nikairudia usiku ule ule. Zile nguzo za duara zilizoachwa na umbo lake la mti zilinikumbusha boriti za mikoko kwenye dari ya nyumba ya bibi yangu Pangani, na nikajiuliza kwa nini ramani yangu ilikuwa ya tofali za saruji mwanzo hadi mwisho, kana kwamba hakuna kifaa kingine duniani.

Siku hizi nyumba zimekuwa kubwa, vioo vimezidi, kamera inapaa angani kila baada ya dakika tano, na bajeti inayotajwa mwanzoni wakati mwingine inazidi pauni milioni moja. Sina ugomvi na tajiri kujenga. Nachoka tu kuombwa nimhurumie kwa sababu kaunta ya jiko imechelewa. Anayetaka hali inayokaribia maisha ya kawaida atafute Grand Designs: The Street, iliyorushwa mwaka 2019, inayofuata kaya kumi zilizojenga mtaa mmoja huko Graven Hill, Bicester. Pale utawaona majirani wakiazimana vifaa na kuchunguliana kazi, na utaona jinsi bajeti ndogo inavyomlazimisha mtu kuchagua kati ya sakafu nzuri na ngazi nzuri.

Nikiulizwa kama kimenisaidia, jibu ni ndiyo, na si kwa mapambo. Nilipopata fedha za kupaua mwaka 2018 nilitenga asilimia 15 pembeni na kukataa kuigusa, na ndiyo iliyonunua mbao za kenchi bei ilipopanda kabla hatujamaliza. Nilijifunza pia kitu cha kutoiga. Mume wangu alitaka sebule ya Kibaha iwe na ukuta mzima wa kioo kama alivyoona kwenye televisheni. Ilinichukua jioni nzima kumweleza kwamba wale wanaelekeza vioo kusini kwa sababu wanalitafuta jua liwapashe joto, ilhali sisi jua linatutafuta lenyewe, na tunachohitaji ni paa lililotokeza nje vya kutosha, madirisha yanayotazamana na upepo unaopita katikati. Alikubali kwa shingo upande. Mwezi wa pili tulipokwenda kulala pale, saa nane mchana, hakulirudia tena suala hilo.

Kwa hesabu ya nyota nakipa nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya mafundi wasiotajwa.

Nyumba sasa ina paa, mama yangu anaishi humo, na vyumba viwili bado havina dari. Nilipokwenda mara ya mwisho nilimwonyesha kwenye simu sehemu ya mnara wa taa, nikimtafsiria kidogo kidogo tukiwa tumekaa barazani. Alitazama kimya hadi katikati, kisha akanyoosha kidole kwa Kevin, aliyekuwa amesimama kwenye upepo na koti lake.

"Na huyu mzungu, ndiye fundi?"

"Hapana, mama. Yeye kazi yake ni kuja mara moja moja, kuuliza maswali, kisha anaondoka."

Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la khanga. "Basi ni wewe na simu yako."