Wakili wa mirathi Mombasa: nyota nne, ya tano imeliwa na fotokopi

Jina la ofisi sitaji maana malalamiko pia ninayo, huko chini mtayaona. Ni hapa mjini Mombasa, ghorofa ya tatu, lifti mbovu, na bi wakili mwenyewe ni mtu wa makamo, miwani kaifunga kamba shingoni. Naona watu wengi wanauliza wakili wa mtu aliefia Ulaya basi mimi nawapa yangu.

Ami yangu alifariki 2024 huko Leicester, kakaa Uingereza miaka ishirini na kitu, wasia hakuacha. Kaacha mke, vijana wawili wa kiume na binti mmoja, na mamake yaani nyanya yetu yuko hai hapa Majengo. Mali ni nyumba Majengo, nyumba Leicester kwa jina lake peke yake, pauni 48,000 kwenye benki ya huko huko, na gari moja kuukuu, la kusukuma ndio liwake. Sasa ugomvi. Sisi twasema marehemu Muislamu, ni sharia mwanzo mwisho. Mke wa ami na watoto wasema kafia Uingereza, pasipoti ya Uingereza, basi ni sheria ya Uingereza mwanzo mwisho. Ile grupu ya WhatsApp ya familia ilifika mahali watu wanatoka bila kuaga.

Wakili tulioanza nae (si huyu) alisikiliza dakika tano akasema sharia tu, leteni dipoziti. Huyu wa pili tulipomuuliza ni sheria gani, hakujibu. Alichukua fulskapu akaikunja mara mbili ikatoka visanduku vinne, akaandika nyumba Majengo, nyumba Leicester, pesa na gari, cha mwisho NDOA. Akasema hii si kesi moja, ni kesi nne zimevaa kanzu moja, kila kisanduku tutakiuliza sheria yake. Ati wanasheria wana neno lake la Kifaransa, dépeçage, na asili yake ni kazi ya buchani, kupasua mnyama vipande. Nyanya kusikia hivyo akasema astaghfirullah, mwanangu huyo.

Kisanduku cha Majengo kilikwisha haraka. Sheria ya mirathi ya Kenya yasema ardhi na nyumba iliyoko Kenya inafuata sheria ya Kenya, marehemu awe alikuwa anaishi wapi, na Kenya yenyewe kwa Muislamu inakwambia gawa kwa sheria ya Kiislamu. Nyumba ilithaminiwa milioni 12 kwa hivyo mke thumni (moja ya nane) 1,500,000, nyanya sudusi (moja ya sita) 2,000,000, kila kijana 3,400,000 na binti 1,700,000. Hapo tulikuwa twachekelea.

Kisanduku cha Leicester kikatunyamazisha. Nyumba iliyoko Uingereza inafuata sheria ya Uingereza, Uislamu wa marehemu haubadilishi kitu, na huko asieacha wasia mkewe anachukua kwanza hadi pauni 322,000 kabla watoto hawajaonja. Nyumba ni ya 230,000. Hesabu hata haikufanywa, yote ya mke, nyanya sufuri. Mjomba mmoja akaruka, hawezi kula huku thumni na kule nyumba nzima! Bi wakili akamwambia taratibu kuwa mahakama ya Uingereza ilishaulizwa swali hilo hilo mwaka 1986, mirathi ya mtu wa Trinidad, na mjane akapewa kule na huku. Nasema ukweli hapa ndio nilimuamini, wateja ni sisi, tunaolipa ni sisi, na yeye anatwambia tusilotaka kusikia.

Sasa zile pauni 48,000. Mimi nilijua pesa zikiwa benki ya Uingereza ni za sheria ya Uingereza kama nyumba, kumbe sivyo. Pesa, gari, vitu vya kubebeka vinamfuata mtu kwao, na hapa Kenya na Uingereza wana kanuni moja. Kwao maana yake si pasipoti wala si alipofia, wao wanaita domisili, yaani pale alipokuwa amekusudia maisha yake yaishie. Mtu anaweza kukaa ugenini miaka thelathini na kwao kusibadilike. Lakini lazima uonyeshe. Bi wakili akatutuma tulete ushahidi na wallahi ile wiki ndio tulimlia ami upya. Tulipata bili za stima za Majengo alizokuwa akilipa mwenyewe kila mwezi, kitambulisho cha Kenya hakuwahi kukiacha, risiti ya kontena alilotuma vitanda na friji 2022, na voisi moja ya WhatsApp anamwambia nyanya "mama nikistaafu tu nshafika, usimpe mtu chumba cha juu". Bi wakili aliisikiliza mara mbili. Akaiandika neno kwa neno kwenye afidaviti, yaani kiapo cha maandishi.

Wakili wa upande wa pili huko Leicester alisoma akakubali, domisili Kenya. Kwa hiyo zile pesa zikagawanywa kwa sharia, nyanya akapata pauni 8,000 na mke 6,000. Gari walipewa watoto, hakuna aliegombea.

Ndoa ilikuwa kisanduku kidogo ila bila hicho mke asingepata ile nyumba. Nikahi ilifungwa Mombasa, namna ilivyofungwa inaangaliwa kwa sheria ya pale ilipofungwa, cheti cha Kadhi kikaenda Leicester kikapokelewa. Shemeji zake ami waliokuwa wakinong'ona mambo yao wakanyamaza.

Kitu chengine alichotueleza vizuri, Mahakama ya Kadhi haiwezi kumvuta mtu kwa nguvu, lazima wote muwe Waislamu na wote mkubali. Mke wa ami alisita mwanzo. Bi wakili akampigia simu mbele yetu, akamuamkia vizuri, akamwambia hata ukikataa twaenda High Court na sheria itakayotumika kwa nyumba ya Majengo ni ile ile ya Kiislamu, kitakachobadilika ni jengo na nauli. Akakubali.

Malalamiko sasa. Ada ilitajwa moja mwanzo kisha kila kisanduku kikazaa ada yake, hilo angetwambia siku ile ya fulskapu. Fotokopi wanatoza shilingi 20 ukurasa na chini ya ngazi pale ni 5. Simu ya ofisi haishikwi baada ya saa nane. Na siku 30 za kungoja tangazo la gazeti la serikali kupita hawakutukumbusha, tulipanda zile ngazi mara tatu bure, nyanya ana miaka themanini na mbili jamani.

Binamu yetu yuko Hamburg, aliposikia kisa akauliza na yeye akifa huko je. Bi wakili akacheka, akamwambia Ujerumani na karibu nchi zote za Umoja wa Ulaya tangu 2015 hawapasui namna hii, ni sheria moja ya pale ulipokuwa ukiishi kwa mali yote, ila waweza kuandika mapema kuwa unachagua sheria ya uraia wako. Kwa ushauri huo hakumtoza kitu. Fotokopi ya ile fulskapu alitutoza ishirini.